Maziwa ya mama mkwe, vidonge vyangu vya UTI

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, nimeolewa mwaka wa nne sasa. Tunaishi Kimara, uwanja mmoja na mama mkwe. Mume wangu ni fundi umeme, mimi nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo.

Mama mkwe ana ng'ombe wawili wa maziwa kwenye banda nyuma ya nyumba. Ndio waliomsomesha mume wangu na dada zake baada ya baba yao kufariki. Mtaani hapa hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Mama Maziwa.

Mwezi wa tano mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Nilirudi nyumbani sina damu ya kutosha, nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Mama mkwe akasema kazi ya kunirudisha ni yake. Tangu siku hiyo, kila alfajiri akimaliza kukamua anachemsha, anamimina kwenye kikombe kikubwa cha bati chenye maua ya bluu, analeta mlangoni kwangu. Utando wa juu hautoi, anasema ndio wenye nguvu. Halafu hasogei. Anasimama ameshika fremu ya mlango, ananiuliza nimelalaje, mpaka nifike chini ya kikombe.

Sasa miezi miwili iliyopita nilianza kuumwa. Haja ndogo kila baada ya dakika chache, na mkojo unachoma kama umetiwa pilipili. Zahanati walipima wakasema UTI, nikapewa sipro, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku saba. Cha asubuhi nilikuwa nakimeza pale pale mlangoni pamoja na kile chekundu cha damu, nasukumia na maziwa ya mama, maana dawa kwenye tumbo tupu inanichoma. Siku ya tatu moyo ukaanza kunidunda, mikono inatetemeka, usiku macho yako wazi kama bundi. Ilikuwa wiki ya kuhesabu mali dukani, tunatoka usiku, nikawa naishi kwa kahawa ya yule kijana anayepita na birika, vikombe vinne vitano kwa siku. Nikaona dawa hii ni kali mno kwa mtu asiye na damu. Maumivu yalikuwa yamepungua, nikaacha.

Baada ya wiki tatu likarudi. Nikanunua sipro mwenyewe duka la dawa, nikawa nameza kimoja tu kwa siku ili moyo usinidunde. Likatulia, likarudi tena. Jumatatu nimekwenda zahanati nyingine, wamechovya ule ukijiti kwenye mkojo, nimepewa sipro tena na Flagyl. Vipo kwenye mkoba, sijaanza. Aliyenishtua ni mdada wa dirisha la dawa: "Dada, hivi usimezee maziwa, hutapona." Nilitaka kumuuliza zaidi, foleni ikanisukuma.

Kumbe muda wote huu naumwa kwa sababu ya maziwa? Jirani yangu anasema niachane nayo ninywe madafu, yanasafisha mkojo. Na siku moja nilipojaribu kumwambia mama kwamba nina dawa za kumeza, akasema basi ndio ninywe zaidi, maziwa yanakata makali ya dawa.

Kumwambia naumwa nini, siwezi. Kwake yeye UTI ni ugonjwa wa wanawake wasiotulia, nimewahi kumsikia akimsema hivyo mpangaji mmoja. Na wiki iliyopita mume wangu, amegeukia ukutani, kaniuliza, "Mbona hili gonjwa haliishi?" Sikumjibu. Tangu hapo najua ananishuku.

Siku nne sasa napokea kikombe, nasema nitanywea ndani, halafu namwaga dirishani chini ya mpapai. Jana mama ameuliza mbona pale chini kuna weupe na inzi. Nimesema sijui. Shangazi, najisikia mwizi. Mama huyu, juzi ng'ombe wake mmoja, Neema, aliugua kiwele, akapigwa sindano. Maziwa yake mama aliyamwaga siku zote alizoambiwa na bwana mifugo, ndoo kwa ndoo, wateja wakigonga geti na vidumu mkononi. Alisema maziwa yenye dawa hampi mtoto wa mtu. Mwanamke wa hivyo ndiye ninayemwaga maziwa yake kama maji ya kufulia.

Ninywe nisipone? Nikatae, aniulize naumwa nini? Au niende kwa dada yangu Temeke wiki moja nikamalize dozi kwa amani? Jumamosi pia kuna sendofu ya wifi yangu, nikisusa hata glasi moja ya waini wataanza kuhesabu miezi.

Mkazamwana, Kimara

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole ya mkojo unaochoma, na pole zaidi ya mimba, maana nimeona umeipitia kwa sentensi moja ukakimbilia vikombe.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari ya maziwa na vidonge. Mara ya pili nikaona mlango: kila alfajiri watu wawili wamesimama pale, mmoja anatoa alichonacho, mwingine anapokea na neno limemkwama kooni. Mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari mambo matatu uliyoyataja kwa kupita tu, kidonge chekundu, kahawa na Neema. Nadhani yana uzito kuliko ulivyoyapa.

Mimi si daktari. Ndiyo maana barua yako, bila jina lako, nimekaa nayo na mfamasia ninayemwamini, na haya ya dawa nakuandikia baada ya kumuuliza yale ambayo foleni ilikunyima wewe.

Mdada wa dirishani alikwambia kweli, ila alikwambia kwa ufupi mno. Sipro, ambayo kwenye boksi utaiona imeandikwa ciprofloxacin, haipatani na madini ya kalsiamu, na maziwa yamejaa kalsiamu. Vikikutana tumboni vinang'ang'aniana. Wewe unapanda mwendokasi Kimara, kwa hiyo utanielewa: mlango umefunguka, watu wawili wanataka kupita kwa pamoja wameshikana mikono, hakuna anayeingia, gari linaondoka. Dawa iliyoshikwa na kalsiamu haipiti kwenye ukuta wa utumbo kwenda kwenye damu. Inatoka na choo. Watu wazima wenye afya waliopimwa baada ya kumeza sipro kwa maziwa, dawa iliyofika kwenye damu ilipungua kwa kama theluthi moja. Kwa mtindi, hivyo hivyo. Hata juisi za boksi zilizoongezwa kalsiamu zimo humo humo.

Kwa hiyo mama mkwe wako hajakosea neno. Maziwa yanakata makali ya sipro kweli. Tatizo ni kwamba makali hayo ndiyo uliyoyalipia pale dirishani.

Lakini usitoke hapa ukatangaze Kariakoo nzima kwamba antibiotiki na maziwa ni maadui. Amoksilini haijali maziwa. Tetrasaiklini za zamani zinaumizwa nayo kuliko hata sipro, zinapoteza zaidi ya nusu. Halafu kuna nitrofurantoini, nayo ni dawa ya UTI, ambayo wanashauri uimeze na chakula au na maziwa, kwa sababu inaingia mwilini vizuri zaidi na haikutii kichefuchefu sana. Ugonjwa mmoja, dawa mbili, masharti yanapingana. Wakikubadilishia dawa, na huenda wakakubadilishia, uliza upya kuhusu hiyo hiyo iliyo mkononi.

Sasa nirudi kwenye kalamu yangu.

Kile kidonge chekundu. Umekimeza kwenye sentensi moja na sipro na maziwa, halafu lawama yote ukaibebesha maziwa. Kidonge cha damu ni chuma, na chuma kinaishika sipro vibaya kuliko maziwa yanavyoishika, kinaweza kuzuia karibu nusu yake, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo hata asubuhi ile ungemezea maji matupu, bado dawa yako ingekuwa imekabwa na kidonge ulichopewa hospitali kwa nia njema. Hakuna aliyekuuliza unatumia dawa gani nyingine? Au ulijibu "hakuna", kama wengi wetu tunavyojibu, kwa sababu vidonge vya damu hatuvihesabu kuwa ni dawa? Na kwa kuwa umesema tumbo linakuchoma: vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia, vyenye magnesiamu au aluminiamu, usivisogeze karibu na sipro kabisa. Navyo vinaishika, tena sana.

Kahawa. Hapa mfamasia alicheka kidogo, si kwa kukucheka wewe, ila kwa sababu anaikuta hii mara kwa mara. Sipro inachelewesha mwili kuiondoa kafeini. Kahawa uliyokunywa saa nne asubuhi ilipaswa kuwa imepungua sana jioni, kumbe bado ipo nyingi, na juu yake umeongeza ya saa nane, na ya saa kumi na moja. Vikombe vya yule kijana ni vidogo, lakini kahawa yake unaijua ilivyo nzito. Moyo kudunda, mikono kutetemeka, macho ya bundi, picha hiyo inafanana sana na mtu aliyezidiwa na kahawa. Inawezekana kabisa kwamba dawa uliyoiona kali ilikuwa ya kawaida, na kali ilikuwa birika. Hata hivyo usiifunge kesi mwenyewe. Sipro yenyewe inaweza kumnyima mtu usingizi, na kuna watu ambao inagusa mapigo ya moyo wao. Mwambie daktari wazi kwamba mara ya kwanza moyo ulidunda, kabla hajakuandikia tena. Ukikubaliana naye kuimeza, kahawa iache siku hizo zote. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa kidogo kuliko kahawa, usiigeuze ikawa mbadala wa vikombe vitano.

Na hapo ndipo swali lako la "kumbe ni maziwa?" linapoanza kulegea. Hebu tazama mlolongo wenyewe. Dozi ya kwanza ya siku saba uliiacha siku ya tatu. Ya pili ulijipa nusu, bila kipimo. Maziwa yalikuwepo, chuma kilikuwepo, na dozi haikutimia hata mara moja. Wadudu waliopigwa nusu nusu namna hiyo wanaweza kubaki wale wagumu tu, ndiyo habari ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa ambayo wizara ya afya inaiita UVIDA. Inawezekana pia kwamba wadudu wako walikuwa wagumu kwa sipro tangu mwanzo, na hata ungeimeza kwa maji ya zamzam isingewatoa. Ule ukijiti unaonyesha dalili kwamba kuna maambukizi. Hausemi ni mdudu gani wala anakufa kwa dawa ipi.

Kwa hiyo kabla hujafungua boksi la tatu, naomba ufikirie kurudi na kuomba wauoteshe mkojo. Hilo ndilo jina watakalolielewa: kuotesha, yaani kuwakuza wadudu wa kwenye mkojo ili ijulikane ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Majibu yanachukua kama siku mbili tatu, gharama inatofautiana, na si kila zahanati inafanya, pengine watakuelekeza hospitali kubwa. Faida yako ni moja, hujaanza dawa, na mkojo wa kuotesha unatakiwa uchukuliwe kabla ya kuanza. Hasara ni kwamba utasubiri huku unachomwa, kwa hiyo muulize daktari kama unaweza kusubiri au akuanzishie kitu mara tu mkojo ukishachukuliwa. Ukipata homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni au mgongoni, au kutapika, hapo hakuna kusubiri, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Muulize pia Flagyl ni ya nini. Si dawa ya UTI ya kawaida. Huenda ameona kitu kingine ambacho hukukisikia vizuri, huenda ni mazoea ya kufunga viwili kwa pamoja. Swali la adabu halimkasirishi daktari mzuri.

Na mwambie kama siku zako zimechelewa. Hukuandika lolote kuhusu hilo, nami sitaki kukutia presha ambayo tayari unayo ya kutosha, ila sipro si dawa wanayokimbilia kumpa mjamzito. Kipimo cha mimba ni cha dakika chache.

Madafu? Kunywa, ni kinywaji kizuri na Dar hii joto halina huruma. Ila hayaui mdudu wa UTI, na kidonge kimeze kwa maji ya kawaida, glasi nzima.

Tumefika mlangoni sasa.

Umenipa njia tatu: ninywe, nikatae, nikimbilie Temeke. Sijui kama umeona kwamba zote tatu zina kitu kimoja, hakuna hata moja ambayo mama anaambiwa kitu. Na ya nne, ya mpapai, ndiyo unayoitumia. Naielewa ile ya mpapai. Inakununulia asubuhi moja. Lakini ameshaona weupe, na mwanamke aliyefuga ng'ombe miaka yote hiyo anajua maziwa yaliyomwagwa yanavyokauka kwenye udongo. Huenda alipokuuliza alikuwa anakufungulia mlango. Huenda pia alikuwa anauliza tu. Siku akikukuta na kikombe dirishani, hataona mgonjwa wa UTI, ataona mkwe anayemwaga jasho lake. Hiyo itakuwa ngumu kuisafisha kuliko lile neno unaloliogopa.

Temeke kuna utulivu, na dada yako atakupikia. Lakini kuondoka ghafla, siku chache baada ya mume kuuliza swali lile, wiki ya sendofu? Kama unaogopa kushukiwa, sijui kama safari hiyo itakusaidia. Labda wewe unaona pembe ambayo mimi siioni.

Kuna jambo ambalo huenda litakupa nafasi ya kupumua kabla hujaamua uwaambie nini. Ukiwa kwenye sipro si lazima uache maziwa. Ni lazima uyatenganishe na kidonge. Masharti yake ni haya: kidonge kimezwe saa mbili kabla ya maziwa, au saa sita baada yake. Chukulia unameza saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Maziwa ya alfajiri yanagongana na kidonge uso kwa uso, na kufikia saa mbili uko dukani. Lakini ng'ombe wanakamuliwa pia jioni, sivyo? Maziwa ya jioni yakichemshwa, ukayanywa saa tatu usiku, yatakuwa yamekaa mbali na kidonge cha jioni kwa saa tatu na mbali na cha asubuhi kwa saa tisa. Kikombe kile kile cha maua ya bluu, utando wake juu. Kidonge cha damu kinaweza kukaa saa sita mchana, katikati, na maji si chai, ingawa daktari anaweza kukwambia ukipumzishe siku hizo chache. Asubuhi kunywa maji, kula kitu kisicho maziwa, tumbo halitachoma sana. Kama mboga ya mchana imeungwa kwa maziwa kidogo, usihangaike, shida ni kikombe kizima kinachoshuka pamoja na kidonge.

Kwa hiyo la kumwambia mama linaweza kuwa dogo kuliko unavyoliogopa. Badala ya "sinywi maziwa yako", "Mama, nimepewa dawa, wameniambia maziwa ya asubuhi yanaikaba isifanye kazi, naomba kwa siku hizi uniwekee ya jioni." Hapo umesema ukweli na hujasema ugonjwa.

Na hapa ndipo Neema anapoingia. Mama yako amemwaga ndoo kwa ndoo, wateja wakimgongea geti, kwa sababu aliambiwa dawa na maziwa visichanganywe. Si jambo lile lile, kule dawa ilikuwa inaingia kwenye maziwa kumfuata mnywaji, kwako maziwa yanaifuata dawa. Lakini mantiki ya kwamba kuna siku maziwa na dawa vinakaa mbali, yeye anaijua kuliko mimi na wewe. Ameitii kwa hasara ya fedha. Ningekuwa mlangoni pako ningeanzia hapo: "Mama, kumbe na mimi nina masharti kama ya Neema." Nani ajue, anaweza kucheka. Anaweza pia kununa, akasema watoto wa siku hizi mnadanganywa na wauza dawa. Na anaweza kuuliza moja kwa moja, "Dawa ya nini?"

Hilo la mwisho ndilo linalokukosesha usingizi, naona. Unaweza kujibu "ya njia ya mkojo" ukaishia hapo, ni jina la mahali tu. Unaweza kusema zaidi. UTI nyingi za wanawake zinasababishwa na wadudu wanaoishi kwenye utumbo wetu wenyewe. Njia yetu ya mkojo ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa, wanahama tu. Anaipata mke, anaipata mtawa, anaipata bibi wa miaka 80. Mama mkwe alimsema mpangaji, ni kweli ulisikia, lakini mpangaji hakuwa mtu aliyemlea baada ya mimba kuharibika. Sisemi hatakusema. Wewe unamjua, mimi nimemwona kwenye karatasi mbili tu. Nasema tu kwamba mtu anayesimama mlangoni kila alfajiri kuhakikisha umefika chini ya kikombe, huenda ana maswali mengi kuliko hukumu.

Mume wako nami ningependa kumtetea kidogo, anisamehe kama hastahili. "Mbona hili gonjwa haliishi?" Umeisikia kama shutuma. Mimi nimeisoma mara tatu na kila mara naisikia sauti tofauti. Inaweza kuwa shaka. Inaweza kuwa hofu ya mwanaume ambaye miezi michache iliyopita alipoteza mtoto na sasa anamwona mke wake anaamka mara tano usiku. Kageukia ukutani, ndiyo, lakini na wewe hukujibu, na ukimya wako naye ameutafsiri anavyojua. Ukitaka kumjibu leo, unalo jibu ambalo wiki iliyopita hukuwa nalo: haliishi kwa sababu dozi sikuimaliza, na vidonge nilimeza na vitu vinavyovikaba. Ukiona bado ana shaka, au wewe mwenyewe unayo, yapo magonjwa ya zinaa yanayochoma mkojo vile vile, na kipimo cha watu wawili ni rahisi kuliko miezi ya kulaliana mgongo. Mkienda wote wawili, daktari atamweleza yale ambayo kutoka kwako yangesikika kama kujitetea. Hatari ni kwamba anaweza kukataa kwenda. Hapo utakuwa umejua jambo, ingawa si lile ulilolitafuta.

Sendofu ni Jumamosi, nisisahau. Kama utakuwa kwenye Flagyl, waini iache, na uiache kwa siku tatu baada ya kidonge cha mwisho, ndivyo baadhi ya karatasi za ndani ya boksi zinavyosema. Zamani tulikuwa tunatishwa kwamba utatapika palepale ukumbini uso umeiva. Siku hizi wapo wataalamu wanaosema hilo halitokei mara nyingi kama tulivyoaminishwa, lakini kati ya kugundua ukweli huo mbele ya wakwe na kunywa soda, mimi ningekunywa soda. Soda tu, si kola wala zile za kuongeza nguvu, hizo zina kafeini. Wakianza kuhesabu miezi, waache wahesabu.

Kesho alfajiri kikombe kitakuja kama kawaida, na barua hii huenda utakuwa umeisoma usiku. Kama neno halijaiva, hakuna anayekulazimisha. Unaweza kukipokea, ukasema, "Leo niwekee, Mama, nitanywa usiku nikirudi," ukakirudisha jikoni mbele ya macho yake, kikafunikwa na sahani. Mpapai nadhani umeshashiba.

Majibu ya kuotesha yakitoka, niandikie.

Shangazi